Daktari Kaza na Goti la Mama Mkwe

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kibao cha mlangoni tu. Hospitali nzima, kuanzia mlinzi wa getini hadi mganga mkuu, walimwita Daktari Kaza. Alilijua jina hilo na hakulichukia hata kidogo. Alidhani ni sifa.

Na kwa nini asidhani? Kazi yake ilikuwa kubadilisha magoti yaliyochakaa. Mtu akifika goti limelika mpaka mfupa unasaga mfupa, yeye hukata ncha za mifupa ile kwa vipimo, akazivika chuma, na katikati akaweka kipande cha plastiki cha kulainisha mwendo. Kukata mfupa si kazi ya kujisifia, msumeno una njia yake ya kufuata. Kazi yenyewe ni zile kano za pembeni, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje, zinazolishika goti lisiyumbe. Zikilegea, mguu unachezacheza kama mlango uliong'oka bawaba. Zikikaza mno, goti halikunjiki. Na pale katikati, mahali penyewe panapotakiwa, daktari hupatafuta kwa mkono: anaushika mguu, anausukuma huku, anausukuma kule, anasikiliza kwa vidole.

Sasa mkono wa bwana huyu ulikuwa na woga mmoja, woga wa kulegea. Alifundishwa kazi na mzee mmoja mkali aliyependa kusema kwamba goti lililolegea ni aibu ya daktari, na lililokaza ni uvivu wa mgonjwa. Maneno hayo yakamwingia yakajenga nyumba. Ikifika hatua ya kuchagua kile kipande cha plastiki, ambacho huja kwa unene mbalimbali, alilisukuma goti, akalisikia linacheza kidogo, akanyoosha mkono bila kugeuka na kusema, "Nipe nene." Sista wa vyombo, mama wa makamo mwenye ulimi usiolala, alikwisha kuacha kungoja kuambiwa. Nene ilikuwa tayari kiganjani mwake.

Halafu mgonjwa anapona kidonda, anarudi kliniki, na daktari anamuuliza huku macho yakiwa kwenye picha ya eksirei: "Goti linaendeleaje?"

"Nzuri tu, daktari."

"Maumivu?"

"Ya kawaida, tunamshukuru Mungu."

Picha imenyooka, chuma kimekaa mahali pake, hakuna kinachoyumba. Wanapeana mikono, anaingia mwingine. Miaka imepita hivyo. Jamani, ni nani kati yetu aliyewahi kuulizwa habari akajibu "mbaya"? Hata mtu aliyeunguliwa na nyumba huanza na "nzuri", ndipo aseme "ila nyumba imeungua." Daktari Kaza hakuwa na subira ya kuingoja hiyo "ila". Alikuwa ameshaita, "Anayefuata!"

Basi, miongoni mwa magoti aliyoyafanya, moja lilikuwa la mama mkwe wake. La kulia. Najua kuna watakaosema daktari hapaswi kumpasua mkwewe, na wana haki yao, lakini mama mwenyewe ndiye aliyetaka. "Nina daktari ndani ya ukoo," alisema, "niende kupanga foleni kwa nani tena?" Akafanyiwa, kidonda kikapona vizuri, na kila mara mkwe wake alipokuja kumtembelea alimkuta amekaa kitako, mguu juu ya kigoda, anatabasamu.

"Mama, goti linaendeleaje?"

"Nzuri, mwanangu. Nzuri sana. Mungu akuzidishie."

Mama huyo alikuwa mjane, na alikuwa na duka la vifungo. Nyuzi, zipu, sindano na utepe vilikuwamo pia, lakini watu walilijua kwa vifungo: vilijaa kwenye chupa za kioo kutoka sakafuni hadi karibu na dari, kila chupa na rangi yake, na mtu akileta kifungo kimoja cha koti la marehemu babu yake, mama atatazamatazama, atafungua chupa mbili tatu, atampatia pacha wake. Duka lilikuwa chini, chumba chake cha kulala juu, na katikati ngazi ya saruji iliyopanda ukutani kwa nje, nyembamba, yenye mkono wa chuma upande mmoja. Duka ndilo lililomlea binti yake, na ndilo lililokuwa likimwamsha asubuhi tangu azikwe mumewe. Binti alipomwambia afunge akahamie kwao, alijibu kwamba siku atakayokaa bila kuulizwa bei ya kifungo ndiyo siku atakayozeeka.

Shida ni kwamba goti la kushoto nalo lilikuwa limeharibika. Mguu ulianza kupinda kwa nje, na kila aliyemwona akitembea aliona haya kumtazama. Daktari Kaza aliona pia. Akasema, mama, tulifanye na hili, tumalize kazi. Mama akasema la, mwanangu, hili halinisumbui kabisa. Mwezi uliofuata akasema ngoja mvua ziishe. Mvua zilipokwisha akasema joto si zuri kwa kidonda. Mara ya nne akasema, "Nyinyi madaktari mna watu wengi wenye shida za kweli," na akageuza mazungumzo kwenye bei ya zipu.

Daktari alianza kuudhika. Alimwambia mkewe, "Mama yako ni mkaidi. La kwanza limekuwa zuri, la pili analikimbia!" Mkewe alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja.

Mchana mmoja kifungo cha koti lake jeupe kilidondoka, kikapotelea chini ya kabati la kliniki. Kwa kawaida angemwachia mkewe ashughulike nacho. Lakini siku hiyo alikuwa na nafasi, na duka halikuwa mbali, akasema nakwenda mwenyewe, nitamshtua mama kidogo. Hakupiga simu. Alikuta duka liko wazi na mteja mmoja, fundi cherehani kijana aliyeshika shati begani, anasubiri.

"Mama yuko wapi?"

"Anashuka," kijana alisema, akaonyesha kidole juu. "Ngoja tu. Huwa inachukua muda."

Daktari akatoka nje, akainua macho kwenye ngazi. Kitu cha kwanza alichokiona ni kisigino. Kisigino kikapapasa hewani, kikatafuta kidato, kikakipata. Kisha kikaja kingine. Kisha ikaja sehemu ya nyuma ya gauni la mama mkwe wake, sehemu ambayo mkwe yeyote mwenye adabu hatakiwi kuisimamia na kuitazama. Mama alikuwa anashuka kinyumenyume, mikono yote miwili imekishika kile chuma, kama mtu anayeshuka kisimani. Mguu wa kulia, ule wa kwake yeye daktari, ule wenye picha nzuri kliniki, ulikuwa umenyooka kama mchi wa kinu. Haukukunjika. Mama aliuzungusha pembeni ili upite.

Alipofika chini akageuka, akamwona. Uso ulimbadilika mara moja, kisha tabasamu likarudi mahali pake.

"Eh! Mwanangu! Karibu, karibu. Nafanya mazoezi hapa."

"Mazoezi?"

"Mazoezi. Si mnasema wenyewe mtu asikae tu?"

Na yule fundi cherehani, Mungu ambariki kwa kutojua kwake, akaropoka, "Lakini mama huwa unashuka hivyo kila siku!"

Mama mkwe akamwuliza kwa upole anataka kifungo cha rangi gani. Akampatia. Akamtafutia na mkwe wake kifungo cheupe, akakataa kabisa kuchukua chochote, akamwambia awasalimie watoto. Daktari akarudi hospitali kwa miguu, na njia nzima alikuwa anakiona kile kisigino.

Jioni alimkuta mkewe mezani. Mkewe, ni vizuri mjue, alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ileile. Wagonjwa wote wa mumewe walipitia mikononi mwake, akiwakunja magoti hatua kwa hatua.

"Mama anashuka ngazi kinyumenyume," alisema.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipomtoa nyuzi." Aliweka kijiko chini. "Aliniapisha nisikuambie. Alisema, mume wako amefanya kwa moyo wake wote, nikimwambia halikunjiki nitamvunja moyo. Mtu halalamikii zawadi."

"Mimi mumeo! Na kazi yako ni hiyohiyo! Kwa nini hukuniambia wewe?"

Hapo mkewe akacheka, kicheko kisicho na furaha ndani yake. "Sikukuambia? Nilikuambia kuhusu yule dereva mstaafu. Ukasema aongeze mazoezi. Nikakuambia kuhusu mwalimu wa hesabu. Ukasema aongeze mazoezi. Watu wanalia kitandani kwangu, baba watoto, wananishika mikono wananiomba nisiwakunje, halafu wanafuta machozi, wanaingia kwako, wanasema nzuri! Nimechoka kuwaumiza kwa sababu ya mkono wako."

"Mbona mimi hawaniambii? Nawauliza kila mara!"

"Wewe unawapa salamu," mkewe alisema. "Nao wanakuitikia salamu."

Alikasirika, msidhani hakukasirika. Alitoka akaenda kusimama uani, akasema mwenyewe kwa mwenyewe maneno ambayo hayafai kuandikwa. Nyani haoni kundule, na akionyeshwa hafurahi. Lakini alikuwa mtu wa haki moyoni, hilo lazima nimpe. Hasira ilipopoa alibaki na aibu, na aibu ilikuwa nzito kuliko hasira, kwa sababu alikumbuka nyuso za watu waliomshukuru. Walikuwa wamemvisha kilemba cha ukoka, naye akatembea nacho mjini kifua mbele.

Wiki iliyofuata aliingiza vitu viwili kliniki: kiti kifupi kisicho na mikono, na ngazi ndogo ya mbao ya vidato vitatu aliyoiomba kwa mafundi wa karakana. Akawaita wagonjwa wake wa zamani, mmoja mmoja. Yule dereva mstaafu aliingia akasema nzuri kabla hajaulizwa.

"Usiniambie, mzee wangu," daktari alisema. "Nionyeshe. Kaa hapo, uinuke bila kushika kitu."

Dereva akakitazama kiti. Akamtazama daktari. "Hapo?"

"Hapo."

"Daktari, nikikaa hapo mtakuja kuninyanyua na winchi."

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Tusimwonee: wapo waliokaa wakainuka na kupanda vidato kama vijana, na hao walimfanya apumue. Lakini wapo wengi waliosita, wakashika ukuta, wakaanza kucheka kwa haya, na alipowaambia tena kwa upole kwamba hatakasirika, wakafunguka. Mwalimu wa hesabu alisema goti lake lina nguvu sana ila analisikia kama limefungwa mkanda usiku na mchana. Mama mmoja alisema, "Siyo baya, daktari. Ila siyo langu." Neno hilo alikwenda nalo nyumbani, akashindwa kula.

Hapo sasa akaanza kujifunza upya, na kwa mtu wa umri wake si jambo dogo. Alikuwa na mwenzake, daktari wa kike, mdogo kwake kiumri na kicheo, ambaye wagonjwa wake walikuwa wakikaa kwenye kile kiti bila shida. Alimwendea. Hakuzunguka mbuyu. "Nataka nikusimamie pembeni, nione unavyofanya." Yule binti alidhani anachunguzwa, siku nzima akawa anajieleza kila anachofanya. Alipoelewa, akawa mwenzake kweli.

Wakachukua goti la mfano lenye kano za mpira, la kufundishia wanafunzi, wakalipima wote wawili. Daktari Kaza alilisukuma, akasema limelegea. Binti alilisukuma, akasema liko sawa. Goti lilelile! Basi ikabainika kwamba sehemu ya kulegea ilikuwa mikononi mwake mwenyewe. Alikuwa anasukuma kwa nguvu ambazo goti lolote lingefunguka kwazo. Binti alikuwa na kipanuzi kidogo chenye geji ya kusoma mkazo, kinachoitenganisha mifupa kwa nguvu ileile kila mara, ndani na nje, hakijui woga wa mtu. Akamwonyesha vilevile kwamba yeye daktari alikuwa anapima huku ameigeuza pembeni pia ya goti, kile kifupa cha mbele, ili aone vizuri, na kifupa hicho kikigeuzwa huvuta kila kitu kombo. Kirudishe mahali pake kwanza, ndipo upime. Na jambo la mwisho ambalo alilijua tangu chuoni, na alikuwa ameacha kulifikiria: mgonjwa akiwa na ganzi misuli yake imelala. Goti linaloonekana limelegea kidogo pale mezani, mwenyewe akiamka na misuli ikaamka, litakuwa sawa. Na likionekana limebana barabara pale mezani, basi akiamka litakuwa gereza.

"Na upande wa nje, goti likikunjwa, liache licheze kidogo," binti alisema. "Tulizaliwa hivyo. Hata langu linacheza. Shika."

"Sitaki kushika goti lako," daktari alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi wakacheka.

Akafanya kazi hivyo kwa miezi. Kila aliyempasua alimkalisha baadaye kwenye kile kiti, akamtazama akiinuka, akanyamaza, akamsubiri aseme. Mkewe naye alianza kuja nyumbani na uso mwepesi. "Leo hakulia mtu," aliwahi kusema huku anavua viatu, akaenda kuoga akiimba.

Lakini mguu wa kushoto wa mama mkwe ulizidi kupinda. Sasa alikuwa anashuka mara moja tu kwa siku, na siku nyingine hashuki kabisa; duka linabaki limefungwa, na wateja wanapiga kelele kutoka chini, naye anawajibu dirishani. Daktari alijua hesabu yake vizuri. Goti hili likiachwa, mama atabaki juu. Likifanywa likatoka kama lile la kulia, mama hatakuwa na goti linalokunjika hata moja, naye atabaki juu vilevile, na safari hii kwa mkono wake yeye daktari.

Akamwendea, yeye na mkewe. Akakaa kwenye kigoda kile ambacho mama alikuwa akiwekea mguu, chini yake, akasema yote. Jinsi alivyokuwa anasukuma. Jinsi wagonjwa walivyomwonyesha. "Magoti yangu mengi nimeyakaza, mama. Nimebadilisha ninavyofanya. Ukitaka mwenzangu ndiye akufanyie hili, nitakushika mkono nikupeleke mpaka mlangoni kwake, na sitakuwa na kinyongo."

Mama mkwe alimsikiliza, mikono ameiweka mapajani. "Magoti yako ni mazuri, mwanangu," alisema.

"Mama!" mkewe akafoka.

"Nyamaza wewe, naongea na mkwe wangu." Mama alitazama dirishani. Kule chini mtu alikuwa anagonga mlango wa duka. "Nitafanya kwako. Ila, kama haitakusumbua... hili la kushoto usiliwekee nguvu sana. Lile la kulia lina nguvu mno. Wakati mwingine linanizidi mimi mwenyewe."

Hakuna binadamu aliyewahi kumwambia mwingine "ulikosea" kwa mzunguko mrefu kama huo. Daktari aliinamisha kichwa, akasema amesikia.

Siku ya upasuaji mama alikataa dawa ya usingizi. Akachomwa ganzi ya mgongoni, pazia likatundikwa kifuani pake, naye akabaki macho, anaongea na sista wa ganzi habari za vitambaa. Yule daktari wa kike alisimama ng'ambo ya meza kusaidia. Kazi ikaenda taratibu. Mifupa ikakatwa. Nyundo ilipogonga, sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Mkwe, unatengeneza kabati?"

"Nyumba nzima, mama."

Upande wa ndani ulikuwa umebana, kama alivyotarajia kwa mguu uliopinda vile. Zamani angeikata kano kwa upana, halafu akajaza ule ulegevu kwa plastiki nene. Sasa alianza kwa kuondoa vijiti vya mfupa vilivyoota pembeni, ambavyo vilikuwa vikiisukuma kano ikajivuta bure. Akaweka kipanuzi, akasoma geji. Bado kidogo. Akaomba sindano, akaitoboa kano nukta hapa, nukta pale, akapima tena, akatoboa nukta moja zaidi, akasikia inaachia kwa upole, kama mtu anayepumua baada ya kukaa kikao kirefu. Akaweka vyuma vya majaribio na plastiki nyembamba. Akairudisha pia ya goti mahali pake, akaibana kwa vibanio. Akaunyanyua mguu kwa paja, akauacha ushuke kwa uzito wake. Ukakunjika wenyewe, polepole, mpaka kisigino kikakaribia nyama za paja.

Kisha akaushika, akausukuma. Ukacheza kidogo.

Kidogo tu, upande wa nje. Lakini woga wote wa zamani ulimpanda kwa mpigo mmoja. Alimsikia mzee wake mkali sikioni. Akaona mama anaanguka ngazini, mguu umempiga chenga, vifungo vimemwagika. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshanyooka bila kumwuliza, na sista wa vyombo, miaka yote ile ya mazoea, alikuwa ameshaiweka nene karibu na kiganja chake.

Kazi ikasimama.

"Kuna tatizo?" mama aliuliza nyuma ya pazia.

"Hakuna, mama. Naamua."

"Haya. Amua vizuri."

Akavuta pumzi. Akarudisha kipanuzi, akasoma geji goti likiwa limenyooka, akasoma likiwa limekunjwa. Geji haikuwa na woga. Ilisema pako sawa.

"Rudisha hiyo," alisema. "Nipe nyembamba."

Sista wa vyombo akamtazama juu ya barakoa. "Daktari, nimesikia vizuri? Nisije nikaambiwa nimezeeka."

"Umesikia vizuri, dada yangu. Nyembamba."

"Makubwa!" sista akasema, akampa.

Nisiwachoshe na habari za kupona. Mkewe alimkunja mama yake hatua kwa hatua, wakagombana kila asubuhi, na mama akawaambia majirani kwamba amezaa askari magereza. Daktari alijizuia asiende kumwulizauliza kila siku. Alisubiri. Siku moja, miezi imepita, kile kifungo cheupe alichopewa na mama kilidondoka kutoka kwenye koti lake, maana alikuwa amekipachika mwenyewe na hajui kushona kitu kisicho ngozi. Akaenda dukani, bila simu.

Mlango ulikuwa wazi, chupa zinang'aa, hakuna mtu. "Nakuja!" sauti ikatoka juu.

Akatoka nje akainua macho. Safari hii kilichotangulia ni ncha ya kiatu. Mama alikuwa anashuka amemtazama, mkono mmoja tu umeshika chuma, na mwingine umebeba chupa ya vifungo. Aliutanguliza mguu wa kulia, mgumu uleule, na wa kushoto ukakunjika nyuma yake, ukamshusha kwa upole mpaka kidato cha chini. Kisha kingine. Kisha kingine. Hakuangalia miguu yake hata mara moja. Alikuwa anamwangalia mkwe wake. Daktari alitaka kupanda kumpokea, akajizuia.

Mama alifika chini, wakaingia dukani, akaweka chupa mezani, akaketi kwenye kiti kifupi nyuma ya kaunta.

"Mama, goti linaendeleaje?" aliuliza.

"Nzuri, mwanangu. Wakati mwingine nalisahau kabisa."

Daktari aliegemea kaunta, koti mkononi, akaingoja ile "ila". Mama akaanza kupanga vifungo kwa rangi, vyeupe huku, vya maziwa huku, ambavyo mtu mwingine asingeona tofauti yake. Akaviacha. Akainua macho.

"Ila hili la kulia ni baya," alisema. "Ni baya tangu siku ya kwanza. Ulinikosea, mwanangu. Nilikuwa nalia nikienda kulala."

Maneno hayo alikuwa ameyajua kwa muda mrefu. Aliyaona ngazini, akaambiwa na mkewe, akayasikia kwa wageni kliniki. Lakini yalipotoka kinywani mwa mama mwenyewe yalimchoma kama mapya, machozi yakamtoka palepale mbele ya chupa zote zile za vifungo.

"Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe kabla hujajua. Ndiyo maana sikukuambia, na hilo lilikuwa kosa langu mimi." Akanyoosha mkono, akalichukua lile koti, akaanza kutafuta uzi. "Sasa unalia nini? Ulitaka niseme nzuri?"

"Hapana," daktari alisema. Akavuta kigoda, akakaa karibu na goti lile la kulia, na kwa mara ya kwanza tangu alifanye akaweka mkono wake juu yake kwa utaratibu, bila kulisukuma. "Niambie yote."

Na mama mkwe, huku anashona, akamwambia.